Pale Filimbi Inapobaki Peke Yake

Mtaani walimwita Mzee Waya, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ujana wake wote aliuinamia redio za watu. Alizifungua, akazipuliza vumbi, akagusa hapa na pale kwa pasi ya kuchomelea, na redio iliyoletwa ikiwa maiti ikaanza kusema. Watu walipozitupa redio wakahamia kwenye simu, alifunga kibanda chake bila kinyongo na kurudi nyumbani na sanduku lake la bisibisi.

Mkewe alikuwa Mwalimu. Hata yeye mumewe alimwita hivyo, mbele za watu na faraghani. Alifundisha watoto kuimba mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu wanawake wa mtaani wakawa wanakusanyika sebuleni kwake kila Jumamosi, viti vya kukopa kwa majirani, wakiimba kwa sauti tatu. Mwalimu hakuwa na mchezo. Kati ya makoo yote yale aliweza kulisikia moja lililoamka limechoka, akamwambia mwenyewe akanywe maji ya moto, na mwenyewe akabaki ameduwaa maana kweli usiku hakulala.

Muziki wa mtandaoni waliletewa na binti yao wa mwisho, anayefanya kazi mji mwingine. Alikuja likizo na boksi lenye ruta mpya na spika mbili nyeupe, kila moja kama mkebe wa maziwa ya unga. Moja akaiweka sebuleni, ya pili chumba cha nyuma, ambako mama yake alizoea kukaa mchana akishona vifungo na kunakili nyimbo zake.

"Unagusa hapa, mama. Unachagua wimbo, unachagua spika. Basi."

"Na waya unapita wapi?" aliuliza baba yake, aliyekuwa amepiga magoti akitazama nyuma ya spika.

"Hakuna waya, baba."

"Hakuna waya." Mzee alijikung'uta magoti akasimama. "Haya. Nami nitafutiwe jina jingine."

Binti alipoondoka, matatizo yakaanza, kama kawaida ya vitu vipya kungoja mgeni aage kwanza. Sebuleni muziki ulitiririka. Chumba cha nyuma ulikwama, ukaanza, ukakwama tena, na kwenye simu kiduara kidogo kikazunguka bila kuchoka. Mwalimu alivumilia siku mbili, siku ya tatu akamwita mumewe.

"Fundi wa nyumba hii yuko likizo?"

Mzee Waya alifurahi kuitwa, ingawa hakusema. Alianza kama alivyokuwa akianza zamani, kwa kutogusa kitu. Alitembea na simu mkononi toka sebuleni mpaka chumba cha nyuma, polepole, akivitazama vile vijiti vya mtandao juu ya kioo. Mlangoni mwa sebule vilikuwa vimejaa. Ukumbini, mbele ya kabati la chuma ambamo Mwalimu alihifadhi karatasi zake za shule, vikaanguka kama watu waliokatwa miguu. Akarudi nyuma hatua moja, vikapanda. Akasonga mbele, vikaanguka.

"Kabati lako linakula mawimbi," alimwambia mkewe.

"Kabati langu limekaa hapo miaka yote na halijala kitu cha mtu."

"Mawimbi ni mawimbi, Mwalimu. Ya redio, ya simu, yote yanaogopa chuma."

Akampigia binti yao. Wakazungumza mpaka simu ikapata moto. Ikajulikana kwamba ruta ilikuwa inatoa mitandao miwili yenye jina moja, mmoja wa mbio lakini dhaifu wa kupenya kuta, mwingine wa polepole lakini unaofika mbali, na spika ya nyuma ilikuwa inang'ang'ania ule wa mbio. Mzee akaipa mitandao hiyo majina mawili tofauti, akaihamishia spika kwenye ule unaofika mbali, akaitoa ruta nyuma ya televisheni na kuipandisha juu ya rafu, mahali pa wazi, iweze kuona ukumbi wote. Kisha akasema, "Jaribu."

Muziki uliingia chumba cha nyuma na haukutoka. Mwalimu alicheza nyimbo tatu mfululizo, akimtazama mumewe juu ya miwani, na ya tatu ilipokwisha akamwambia, "Haya, jina lako utabaki nalo."

Yalikuwa majuma mazuri. Mzee alikuwa akikaa uani akisikia kupitia dirishani nyimbo ambazo mkewe alizisikia chuoni alipokuwa msichana na hakudhani angezisikia tena. Ndipo asubuhi moja mkewe akamwita tena.

"Imeanza upya. Muziki unacheza, halafu kimya, halafu unarudi."

Mzee alikagua ruta, taa zote zilikuwa zikiwaka kama inavyotakiwa. Akaizima, akangoja ipoe, akaiwasha. Akaibadilishia njia ya mawimbi, maana siku hizo kila nyumba ya jirani ilikuwa na ruta yake na huenda zilikuwa zinapigana vikumbo hewani. Akaisogeza spika mbali na ukuta. Kila mara Mwalimu alisema imepona, na kesho yake akasema bado. Binti yao alifungua programu ya spika huko aliko, akatazama, akapiga simu.

"Baba, mimi naona kila kitu kiko sawa. Haijakatika hata mara moja tangu jana."

"Basi macho yako na masikio ya mama yako yanabishana," alisema Mzee, wakacheka.

Kuna mambo mengine alikuwa ameyaona siku hizo bila kuyaona. Mkewe alikuwa ameanza kuipeleka simu sikio la kulia, naye maisha yake yote aliitumia kushoto. Alikuwa akipandisha sauti ya spika mpaka jirani akafunga dirisha. Jikoni Mzee alimwambia, "Nipe chumvi," na Mwalimu akamletea kisu, naye Mzee akaona ni kuchanganyikiwa kwa kawaida kwa watu wenye umri wao. Na mara mbili alimkuta akijitia kidole sikioni na kukitikisa, kama mtu aliyeingiwa na maji wakati wa kuoga.

Baada ya siku chache za usumbufu ule Mzee akaamua kukaa naye chumbani asikie mwenyewe. Alivuta kigoda. Mwalimu aliweka muziki mmoja usio na maneno, wa ala nyingi, aliokuwa akiupenda kuliko yote, akafumba macho. Fidla ziliingia kwa pamoja, na ngoma chini yake, muziki ukavimba ukajaa chumba. Kisha ala zikaanza kujitoa moja moja, kama watu wanaoondoka msibani kwa adabu, mpaka ikabaki filimbi peke yake ikipanda juu, nyembamba na safi.

Mwalimu akafumbua macho.

"Hapo! Umekatika."

Filimbi ilikuwa inalia. Mzee Waya aliisikia kama anavyosikia pumzi zake. Akatazama taa ya spika, imetulia. Akatazama simu, sekunde zinakwenda. Mkewe alikuwa ameketi ameelekeza uso kwenye spika kwa subira, kama anayemngoja mtu aliyetoka mara moja. Filimbi ikamaliza safari yake, fidla zikarudi.

"Ndiyo huo, umerudi," alisema Mwalimu. "Umesikia ulivyokatika?"

 Mzee alikuwa amefanya kazi ya kutafuta hitilafu maisha yake yote, na hii alikuwa ameshaiona ilipo. Kinywa chake kikasema kabla yake.

"Nimesikia."

Mwalimu alishusha pumzi, akaegemea kiti. "Afadhali. Nilishaanza kudhani ni mimi. Nimekuwa kama nina pamba sikio hili, nikasema kesho kutwa niende hospitali. Kumbe ni mashine."

Hapo Mzee alipewa nafasi ya pili ya kusema kweli, na hiyo nayo akaiacha ipite. Alisema, "Ni mambo ya minara ya mtandao, nitaona la kufanya," akainuka na kigoda chake.

Fundi anayetengeneza kitu kizima hana mwisho wa kazi. Mzee Waya alipanda juu ya kiti, akaigeuza ruta huku na huku. Alifuta vumbi ambalo halikuwepo. Alisema leo ni mvua, kesho akasema ni kampuni ya mtandao. Mwalimu alimwamini, maana mume wake katika mambo ya mawimbi hakuwahi kukosea, na safari ya hospitali ikasahauliwa. Usoni alionekana amepumzika. Mzee alimtazama akiwa ametulia hivyo na kujiambia kuwa hajafanya vibaya, amempa mkewe siku chache za amani. Lakini usingizi haukumkubalia maelezo hayo.

Jumamosi moja wanawake walikuwa wakiimba, naye yuko jikoni akichemsha chai yao. Alisikia wimbo ukianza, sauti ya kwanza ikapinda, ikaendelea kupinda, na Mwalimu hakuisimamisha. Wimbo ukaisha hivyo hivyo. Dakika chache baadaye mshonaji wa mtaa, mwimbaji mkongwe kuliko wote pale, akaingia jikoni akijifanya amefuata vikombe.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu ni mzima?"

"Mzima. Ni mtandao tu unamsumbua siku hizi."

Mshonaji alimtazama kwa muda. "Sisi hatuimbi kwa mtandao, shemeji."

Akachukua vikombe akaenda. Mzee Waya alibaki na mwiko mkononi, maji yamechemka mpaka yanamwagikia jiko, na aibu ikamshika. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo, katikati ya jiko lake mwenyewe.

Wanawake walipokwisha kutoka alimfuata Mwalimu chumba cha nyuma. Hakukaa.

"Mwalimu, muziki haukatiki."

"Umeutengeneza?"

"Haukuwahi kuharibika. Ile mara ya kwanza, ndiyo, ilikuwa kabati. Lakini hii ya sasa hapana. Pale unaposema umekatika, filimbi inalia. Naisikia."

Mwalimu alikuwa na sindano mkononi. Aliichomeka kwenye kitambaa taratibu.

"Umejua lini?"

"Siku ile nilipokaa hapa na wewe."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikakwambia nilidhani ni mimi. Ukaniacha niseme hivyo, ukachukua kigoda chako ukaenda." Hakupandisha sauti. Alikuwa akimtazama midomo, na ndipo Mzee alipong'amua kwamba mkewe amekuwa akimtazama midomo kwa muda mrefu. "Leo nimewatazama wale wanawake wakitazamana, sikujua kwa nini. Wewe ulijua."

 Mwalimu akakunja ushoni wake, akasema Jumatatu watakwenda hospitali.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono iliyotulia. Alimfungia Mwalimu katika chumba kidogo cha kioo, akamvisha vipokea sauti, na kumwambia ainue mkono kila atakaposikia mlio. Mzee Waya alikaa nje akimwona mkewe kupitia kioo. Mwanzoni mkono uliinuka mara kwa mara. Kisha daktari akageuza kitufe cha upande wa pili, na mkono ukabaki mapajani.

"La kulia limechoka kwa umri," daktari alieleza baadaye, akimwelekea Mwalimu na kusema polepole. "Sauti za juu zimepungua, kama kwa wengi. La kushoto ndilo lilikuwa likikubebea hizo sauti za juu, nalo limezimika ghafla. Hutokea, wakati mwingine hatujui sababu. Lilianza lini?"

Mwalimu akamwambia.

Daktari aliandika, akasita kidogo. "Katika siku za mwanzo kuna dawa tunazojaribu. Wengine huwarudishia kiasi, wengine haziwasaidii kabisa. Siwezi kukwambia wewe ungekuwa wapi. Ila sasa muda wake umepita."

"Nimekuelewa, daktari," alisema Mwalimu.

Mzee alikuwa akitazama vigae vya sakafu. Mkewe hakumgeukia, na kutogeuka kwake ndiko kulikomuumiza zaidi. 

Nyumba ikawa kimya, hata Jumamosi. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, salamu za asubuhi zilijibiwa. Zaidi ya hapo, hakuna. Spika zilikaa mahali pake taa zikiwaka bure. Binti yao alipopiga simu, Mzee alitoka uani na kumweleza yote mwenyewe, bila kujitetea.

"Lakini baba, kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa mama?"

"Hapana. Niliogopa kuwa ndiye wa kumwambia. Watu waliniletea vitu vilivyokufa nikavirudisha, mwanangu. Hiki nilikiona, nikajua sina bisibisi yake."

 Binti hakumfariji, na baba yake alimshukuru kwa hilo.

Kifaa cha kusikia kilifika baada ya wiki kadhaa, kwa ajili ya lile sikio la kulia lililobaki. Kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe, na kilikuwa cha aina inayoweza kupokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye simu. Mwalimu alikaa nacho siku nzima kwenye boksi lake. Kesho yake alikuja nacho uani, akaliweka boksi mapajani mwa mumewe pamoja na simu.

"Nifungie."

Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza lisilo la lazima tangu watoke hospitali.

Haikuwa rahisi. Simu haikukiona kile kifaa. Mzee alikizima na kukiwasha, akafungua na kufunga kile kijimlango cha betri, akasoma maelezo yenye maandishi kama ya sisimizi. Kijasho kikamtoka. Mwalimu alisubiri amefumbata mikono. Mwishowe Mzee akaona: simu ilikuwa imefundishwa kupeleka muziki kwenye spika ya chumba cha nyuma na haikutaka kuachana nayo. Ilibidi aifute kwanza ile spika kwenye simu, isahauliwe kabisa, ndipo kifaa kipate nafasi. Alisita kidole kikiwa hewani, akamtazama mkewe.

"Nikifuta hii, muziki utakwenda kwako peke yako. Chumbani hautasikika."

"Futa."

Akafuta. Kikatokea kidoti cha kijani. Mwalimu alichagua ule muziki wake wa ala nyingi, na akaanza kusikiliza.

 Mzee hakusikia kitu ila kuku wa jirani na mtu anayepiga nyundo mbali. Alimtazama mkewe tu. Uso wake ulikunjamana mwanzoni, kama mtu aliyeonja dawa, kisha ukatulia. Baada ya muda akavua miwani na kuifuta kwa upindo wa gauni lake.

"Ni nzuri?" Mzee aliuliza akielekea upande wa sikio lake lililobaki.

"Si nzuri. Fidla zinalia kama bati." Akasikiliza tena. "Na hii sasa ndiyo filimbi, naona. Kama birika linalotaka kuepuliwa. Lakini ipo. Inapanda pale inapopanda."

"Mimi sisikii kitu."

"Najua." Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama usoni badala ya midomoni. "Subiri."

Akausimamisha muziki, akajisafisha koo, na kumwimbia ile sehemu ya filimbi, bila maneno, kwa sauti yake ya kizee ambayo bado ilikuwa na nguvu. Alianza vizuri. Ilipopanda mara ya pili sauti ikateleza, ikakaa chini kidogo ya pale ilipotakiwa, naye hakuona, akaendelea nayo hivyo hivyo mpaka mwisho.

"Nimefika?" aliuliza.

Mzee Waya aliikunja mikono yake juu ya boksi tupu.

"Hujafika," alisema. "Kule juu umebaki chini. Si sana. Lakini hukufika."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, mara mbili, taratibu, kama anayepokea mzigo na kuupima uzito. Hakusema amemsamehe, wala Mzee hakuuliza. Alivuta pumzi, akaanza tena toka mwanzo.

Jumamosi iliyofuata, wanawake walipokaa tena kwenye viti vyao, aliwasimamia mbele na kuwaambia kwamba sikio lake moja limekufa na la pili linafanya kazi ya mawili. Kuanzia siku hiyo, sauti ya kwanza ingesimamiwa na mshonaji, na zile mbili za chini angebaki nazo yeye, maana hizo bado anazisikia vizuri. Mshonaji akasema hawezi. Mwalimu akamwambia atajifunza. Wengine walikuwa wakilia, akawaambia waliaji wakanywe maji ya moto, na kwamba wimbo ni ule ule wa mara ya mwisho, na safari hii atakayesikia kosa alitaje, hata kama kosa ni la Mwalimu.